Pandisha Nauli, Usiombe Tarehe

Nyinyi vijana mnaonunua tiketi ya ndege kwa kidole gumba mkiwa chooni, msidhani nawaonea wivu. Nawaonea huruma kidogo, basi. Mimi nimeuza tiketi miaka mingi katika ofisi ndogo pale Alexandria ya huku kwa Wazungu, upande wa West End, juu ya duka la nyama ya halali. Ukipanda ngazi zake unafika juu umeshanukia mbuzi. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Muheza, kwa hiyo msitegemee maneno ya kupangwa mstari. Nitaanzia hapa, nitazungukia kule. Asiyeweza kuvumilia arudi chooni kwake akaendelee kununua.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kijana mmoja, mtoto wa rafiki yangu wa Oxon Hill. Alikuja kwangu juzi analalamika kwamba kampuni ya ndege imemlima ada kubwa kwa sababu ya kusogeza safari. Nikamuuliza, "Uliwaambiaje?" Akanijibu kwa Kiingereza, maana nyinyi mkiulizwa kwa Kiswahili mnajibu kwa Kiingereza, kwamba alipiga simu akawaambia anataka kubadilisha tarehe. Nikacheka mpaka meno ya bandia yakacheza. Mwanangu, umekwenda polisi na pingu zako mwenyewe mkononi! Unawaambia unataka kubadilisha, na wao kazi yao ni kutoza anayebadilisha. Ulitaka wakupe chai?

Sasa sikilizeni. Ndani ya ndege, kule nyuma tunakokaa sisi, viti ni vile vile na vinabana magoti vile vile. Lakini bei si moja. Kila nauli ina herufi yake. Kuna herufi ya juu, kuna za katikati, kuna ya chini kabisa ambayo nyinyi mnaikimbilia kama kuku waliomwagiwa mtama. Mnaweza kukaa watu wawili bega kwa bega, mnakula kuku yule yule mkavu, mmoja amelipa mara mbili ya mwenzake. Aliyelipa kidogo anamcheka aliyelipa nyingi. Cheka tu. Siku mambo yakigeuka, mwenye herufi ya juu anahama kama anahama kochi kwenda kwenye mkeka. Wewe wa herufi ya chini umefungwa mikono na miguu, na kila fundo la kamba lina bei yake.

Haya sikuyajua nilipoanza. Nilikuwa naosha vyombo hotelini. Bosi wetu, mtu wa Bukoba mpenda tai, akanichukua ofisini nifagie na kupokea simu za Waswahili, kwa sababu yeye simu za Waswahili zilikuwa zinamchosha. Mtu anapiga kuuliza nauli ya Dar, anaanza na habari za watoto, habari za baridi, habari za mgogoro wa msikiti, nauli anaikumbuka wakati anaaga. Bosi hakuwa na moyo huo. Mimi nilikuwa nao, sikuwa na kingine.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ciku. Mkenya, mtu wa Nyeri, mfupi, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, mdomoni daima kuna kitu anatafuna. Yeye ndiye aliyekuwa ofisi. Bosi alikuwa pambo. Siku ya kwanza aliponikalisha mbele ya kompyuta nilizipiga zile herufi kwa nguvu, akanigonga vidole na kalamu.

"Wewe mzee, kwani hiyo ni kinu? Ati unatwanga nini?"

"Natafuta ndege ya Nairobi."

"Utaipata imekufa. Bonyeza pole pole. Na usisome bei kwanza. Bei iko hapo kukudanganya. Shuka chini, enda kwa adhabu."

Alimaanisha kifungu cha adhabu. Kila nauli ina masharti marefu kuliko mahubiri ya mchungaji aliyealikwa, na humo ndani kuna kifungu kinachosema ukibadilisha utalipa nini. Watu wote, hata mawakala wenye vyeti ukutani, walikuwa wanasoma mstari wa kwanza tu, ule wenye tarakimu ya ada, halafu wanamtangazia mteja kifo. Mama Ciku alikuwa anasoma mpaka mwisho, na kwa kampuni nyingi mwisho huko kulikuwa na kamstari kadogo, kamejikunyata kama kuku mgonjwa: abiria akihamia nauli ya juu zaidi, ada ya mabadiliko haitozwi. Atalipa tofauti ya nauli peke yake.

Mmeelewa? Tofauti ya nauli ni yako. Umelipia kiti cha heshima zaidi, ukikaa ni chako, na masharti yake yamelegea. Ada ni hewa. Unalipa hewa ili mtu akuruhusu kulipa tena. Kwa hiyo huendi kuomba tarehe. Unakwenda kupandisha nauli, na tarehe inakufuata yenyewe, kwa sababu hiyo nauli mpya ina kiti siku unayoitaka wewe.

Lakini usidhani ni mchezo. Lazima uwe hujaruka bado hata kipande cha kwanza cha safari. Lazima ile herufi ya juu iwe na nafasi siku hiyo. Na lazima upandishe kwenda na kurudi kama masharti yanasema hivyo. Mama Ciku mwenyewe, na ujanja wake wote, aliwahi kumpandisha mteja wa Kisumu kwenda tu, kurudi akaacha nauli ya chini. Yule bwana alipotaka kuongeza wiki kule kwao akakutana na ada kaunta. Alimpigia Mama Ciku akamtukana kwa Kijaluo, Mama Ciku akamjibu kwa Kikikuyu, na sote ofisini tukaelewa kila neno.

Halafu kulikuwa na wale wa suti. Kabla sijafika ninakokwenda, lazima niwaseme hawa, wananikera mpaka leo. Kulikuwa na mhasibu mmoja, sitamtaja, tulimwita Bwana Suti. Yeye alisoma mahali kwamba ukivaa vizuri uwanjani, ukatabasamu, ukamwita binti wa kaunta kwa jina lake, kwa sauti nzito, anakuhamishia mbele kwenye viti vipana bila malipo. Kila mwaka alinunua kwetu tiketi ya chini kabisa, herufi ya mwisho ya mwisho, halafu anakwenda uwanja wa Dulles amevaa suti ya vipande vitatu, na manukato unayasikia kabla hujamwona. Mama Ciku alimwambia, "Wewe, hiyo tiketi yako haiwezi panda hata ngazi." Hakusikia. Mara zote alikaa nyuma karibu na choo, na suti yake, saa zote zile mpaka Nairobi, anashuka amekunjamana kama karatasi ya maandazi. Na mwaka unaofuata anarudi tena! Mtu anaona heri aombe mbele za watu kuliko kulipa kidogo akapata haki yake. Sijui tumerogwa na nani.

Basi nije kwa Mama Haika, maana huyu ndiye hadithi yenyewe.

Mama Haika alikuwa mtu wa Moshi, anakaa Temple Hills, kazi yake kutunza wazee wa Kizungu kwenye nyumba moja huko Oxon Hill. Anawaogesha, anawalisha, anawasikiliza wakisimulia vita. Mwanawe wa pekee, Haika, alimwacha Moshi kwa dada yake akiwa bado anavaa sare ya shule. Alitaka kukaa kidogo tu. Karatasi za ukaazi zikachelewa, na bila karatasi ukitoka hurudi, mnajua wenyewe mambo ya humu. Haika akamaliza shule, akaanza kazi, akapata mchumba, yote hayo mama anayasikia kwa simu ya kadi ile inayokatika katikati ya salamu. Hatimaye karatasi zikatoka. Na Haika alikuwa anaolewa. Yaani huyo mama alikuwa amebakiwa na jambo moja duniani: kusimama kwenye sendofu ya mwanawe, ile sherehe ya kumwaga bibi harusi, na kumkabidhi kwa mkono wake. Ada yote ya ukumbi alishatuma. Vyakula alishatuma. Mpaka ndafu, yule mbuzi mzima anayeokwa na kuvalishwa majani mdomoni, alishamlipia.

Akaja kwetu kununua tiketi. Sasa hapa ndipo penye upumbavu wetu, na ninausema kwa sababu nimeuona kwa macho yangu mwaka hadi mwaka. Sisi Waswahili wa huku, Mtanzania, Mkenya, Mkongo, wote sawa, hatusemi tarehe ya safari. Kufa hatusemi. Mtu akijulikana anakwenda nyumbani, wiki nzima nyumba yake inageuka stoo. Huyu analeta simu ya kumpelekea mdogo wake, yule analeta nywele za bandia, yule analeta kifurushi kimezungushiwa gundi hata ukimuuliza kuna nini anasema, "Nguo kidogo tu," nacho kizito kama betri ya lori. Na wapo wanaoogopa macho ya watu. Kwa hiyo kila mtu anadanganya. Unamuuliza mtu unasafiri lini, anakwambia, "Bado bado," kumbe pasi ya kupandia ndege iko kwenye mfuko wa shati. Mkongo mmoja alikuwa ananidanganya mimi, niliyemkatia tiketi!

Mama Haika aliwazidi wote. Alifunga mlango wa ofisi mwenyewe, akanong'ona.

"Mzee Mdoe, hii safari ibaki humu humu."

"Itabaki."

"Hata nyumbani hawajui."

"Hata Haika?"

"Haika hasa. Na dada yangu hasa zaidi. Nikisema nakuja, ukoo mzima unanitumia orodha ya viatu. Nataka wanione tu nimetokea ukumbini."

Mama Ciku akaacha kutafuna. "Na wakibadilisha siku ya sherehe, na hawajui unakuja?"

"Wataibadilishaje? Mimi ndiye nimelipa."

Akanunua herufi ya chini kabisa, akaifunga tiketi kwenye mfuko wa plastiki, akaficha sijui wapi katika nguo zake, akaondoka kama mwizi. Niliona fahari yake nikaona na ujinga wake, vyote vimevaa koti moja.

Mnajua kilichofuata. Kamati ya Moshi ikabadilisha siku. Mchungaji aliwaambia lazima harusi ifungwe kabla ya Kwaresima, na Jumamosi aliyobakiwa nayo ni ile ya wiki moja kabla ya siku ya awali. Kamati haikuona tatizo. Upande wa bwana harusi ulikubali, ukumbi ukahamishwa, kadi zikachapwa upya. Mama Haika akaambiwa kwa simu na dada yake, mwisho mwisho kabisa, baada ya habari za ng'ombe. Akapiga kelele. Dada yake akamwuliza kwa mshangao wa kweli:

"Kwani wewe ulikuwa unakuja?"

Alikuja ofisini na sare ya kazi, hakuvaa hata koti, na nje kulikuwa na theluji iliyokanyagwa ikawa kama uji wa matope. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka ile tiketi mezani. Alikuwa atue siku ya Jumanne. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyotangulia, sendofu Ijumaa yake.

Bosi akatoka chumbani kwake na tai yake. Akaitazama tiketi kwa juu juu kama daktari asiyetaka kukushika. "Mama, hii ni nauli maalumu. Kubadilisha kuna ada, na siku hizo nauli hii imejaa, kwa hiyo kuna na tofauti. Ada na tofauti." Akatoa pole, akarudi chumbani. Yaani huyo ndiye mwenye ofisi! Pole yake ilikuwa ghali kuliko tiketi.

Mama Haika akaniangalia. "Mzee Mdoe, nimewaogesha mama za watu miaka yote hii. Mimi mwenyewe nishindwe kuwa mama siku moja?"

Nikamgeukia Mama Ciku. Alikuwa ameshashuka chini kwenye kifungu cha adhabu, pua imegusa kioo. "Wacha kulia kwanza," akasema. "Lia baadaye, saa hii niko na kazi." Akapiga simu kampuni ya ndege, akaweka kwenye spika ili mikono yake ibaki huru kuandika.

Yule binti wa upande wa pili alikuwa na sauti tamu, mimi sauti tamu kwenye simu naziogopa. Alipoona tiketi tu akaanza wimbo wake wa ada. Mama Ciku akamkatiza. Akamwambia, sijakutajia tarehe, dada. Nimesema nataka kumpandisha abiria wangu nauli ya juu, kwenda na kurudi. Yule akasema ndiyo, kutakuwa na ada ya mabadiliko. Mama Ciku akamwambia nisomee kifungu cha adhabu cha hiyo nauli, chote, kwa sauti, mimi nina muda. Binti akaanza kusoma. Akasoma, akasoma, anavuta pumzi, anasoma. Alipofika kwenye kale kamstari akanyamaza. Halafu akacheka, nikampenda hapo hapo. Akasema tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kumwambia asome mpaka mwisho, hata aliyemfundisha hakufika huko.

Ada ikafutika. Kiti kikapatikana cha kumfikisha Kilimanjaro Ijumaa ya sendofu, saa chache kabla ya sherehe. Na zaidi ya hapo, kwa kampuni ile, nauli hiyo ya juu ilikuwa inampa abiria begi la tatu. Binti wa simu alilitaja hilo mwishoni kwa kujipitia tu, kama mtu anayekwambia kuna na chumvi mezani.

Lakini tofauti ya nauli ilikuwepo, nayo hakuwa nayo. Fedha yake yote ilikuwa Moshi, imegeuka viti vya kukodi na mbuzi aliyevalishwa majani. Kiti tungeshikiwa mpaka Jumatatu adhuhuri, kisipolipiwa kinakwenda kwa mwingine. Na ilikuwa Ijumaa.

Mama Ciku akarudi kutafuna. Halafu akasema, "Hilo begi la tatu. Utaweka nini?"

"Sina cha kuweka hata la kwanza," akasema Mama Haika.

"Basi uza."

"Niuze nini?"

"Kilo. Hao watu umekuwa ukiwakimbia na vifurushi vyao, enda uwaambie unasafiri. Mwenye mzigo alipe kilo."

Mngemwona uso! Mngedhani ameambiwa avue nguo barabarani. "Mama Ciku, mimi nimewaambia watu wote kanisani siendi mwaka huu. Nimemwambia mke wa mchungaji kwa kinywa changu!"

"Si ni hicho hicho kinywa utatumia?"

Jumapili nilimpeleka mimi mwenyewe kwa gari langu, kwa sababu mizani ya ofisi, ile ya ndoano ya kuning'iniza, bosi alikuwa hatoi bila mtu wa ofisi kuwepo. Mimi Mwislamu, nimekaa ukumbi wa chini wa kanisa, nimeshika mizani, nanusa wali wa watu. Ibada ikaisha, watu wakashuka kula. Mchungaji akauliza kama kuna matangazo. Mama Haika akasimama.

"Ndugu zangu, nasafiri kwenda nyumbani. Alhamisi hii. Nina nafasi ya mizigo kwa anayetaka, kwa malipo."

Halafu mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anapakua wali akasema na mwiko wake hewani, "Mama Haika! Si uliniambia bado bado?"

"Nilikudanganya."

"Wiki iliyopita hapa hapa?"

"Hapa hapa. Na mwaka juzi ulipokwenda Arusha ukasema unakwenda Boston, nani alimdanganya nani?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Na mlango wa maungamo ukawa umefunguka, jamani, sijawahi kuona! Mmoja akasema, mimi naenda mwezi ujao. Mwingine akasema, na mimi nina tiketi nyumbani. Nikajisemea, yaani nusu ya kanisa hili imekaa juu ya tiketi zake kama kuku juu ya mayai, na kila mmoja anamtafuta wa kumtuma mzigo!

Wakaenda majumbani, wakarudi. Nikapima. Hapa niwape elimu, vijana: usibebe kilichofungwa. Fungua kila kitu mbele ya mwenyewe, hata kama ni mzee wa kanisa, kwa sababu uwanjani mkono utakaokamatwa ni wako. Tulifungua. Dawa za presha, simu, viatu, nywele za rangi ambayo Mungu hakuiumba, kioo cha pembeni cha gari. Kijana mmoja alileta sufuria.

"Moshi hakuna sufuria?" nikamuuliza.

"Hii ni ya mama, baba. Hii haishiki chakula."

"Hata ya Moshi haishiki ukipika kwa uangalifu. Leta soksi uzijaze ndani, usilipie hewa."

Yule mnene wa mwiko alibishana nami kuhusu mizani, akasema naivuta kwa kidole. Alikuwa na begi zima la vitenge. Nikamwambia ashike mwenyewe. Akashika, ikasoma zaidi. Akalipa, halafu akamwongeza Mama Haika noti pembeni, akamkunja vidole juu yake. Hakusema ni ya nini. Mdomo wake ulikuwa mbaya lakini mkono wake haukuwa na shida.

Jumatatu asubuhi Mama Haika alilipa tofauti, mabegi yote matatu yamejaa mali za watu. Mama Ciku akamuuliza, "Nguo zako je? Ya sherehe?" Akasema kilo zake mwenyewe ameziuza na zenyewe. Angekwenda na alizovaa, na mkoba wa mkononi wenye chupi na mswaki. Tiketi ikatolewa. Safari hii hakuificha. Aliishika mkononi akashuka nayo ngazi mpaka kituo cha basi, ikilowa theluji.

Mnadhani alitokea ukumbini wakamshangaa? Thubutu. Habari ilifika Moshi kabla ndege haijaondoka Dulles. Alitupigia ofisini Jumatatu, baada ya harusi, tukamweka kwenye spika. Nyuma yake kelele za watu wanaokula viporo. Akasema alipotoka nje ya uwanja alikuta umati, akadhani kuna mheshimiwa. Walikuwa wenye mizigo. Shangazi wa huyu, mdogo wa yule, kila mmoja anaita jina lake kama mnada. Akafungua mabegi pale pale chini kwenye saruji, akagawa. Sufuria ikaenda, kioo kikaenda, vitenge vikaenda. Watu wakapungua, wakapungua, mpaka akabaki binti mmoja mrefu amesimama nyuma ya wote, hana cha kudai. Hakumtambua mara moja. Alisema hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alimtazama kama mtu mwingine aliyekuja kuchukua mzigo.

"Nikamwambia, Haika, mama yako amekuja mikono mitupu. Mabegi haya si yangu hata moja." Sauti ikakatika kidogo, hatukujua ni simu au ni yeye. "Akayachukua yale mabegi matupu, Mzee Mdoe, akayabeba yote matatu mwenyewe. Hakuniachia hata moja."

Mama Ciku aligeukia dirishani, akasema kuna baridi inaingia. Dirisha lilikuwa limefungwa.

"Na sendofu?" nikauliza. "Ulivaa nini?"

Akaanza kucheka. Akasema dada yake ndiye aliyekuwa awekwe mahali pa mama endapo ndege ingechelewa, alishashonewa gauni la mama mzazi, alishalivaa na kukaa kwenye meza ya mbele. Alipomwona anaingia ukumbini na suruali ya safari, akainuka, akamshika mkono, wakaenda chumba cha nyuma kwenye makreti ya soda. Akalivua gauni, akabaki na shumizi, akamvisha.

"Yule dada yangu ni mwembamba, mnajua. Mimi chakula cha wale wazee wa Oxon Hill nimekimaliza mimi. Zipu ikagoma katikati ya mgongo. Tukavuta, ikagoma. MC anaita mama mzazi, mama mzazi asimame. Dada akanitupia khanga begani, akanisukuma nje. Nikasimama hivyo hivyo, Mzee Mdoe. Nikashika mkono wa mwanangu mbele ya watu wote, nikamkabidhi, na upepo unaniingia mgongoni."

"Na picha?" akapaza sauti Mama Ciku, bado kageukia dirisha.

"Nimempa mpiga picha amri. Za mbele tu."